Pato la Taifa na Mama Mkwe

Kwa majuma manne ya kwanza tulifundishwa uchumi wa taifa na mgongo. Ulikuwa mgongo mzuri, wenye koti la kahawia lililopigwa pasi, na sina la kuulaumu. Mgongo huo ulituambia pato la taifa ni nini, ukaandika ubaoni, ukafuta, ukaandika tena. Ulipotaka kuuliza swali, uliuliza ubao. Ubao haukujibu, nasi tukadhani huo ndio mtindo wa vyuo vya siku hizi.

Chuo chetu kiko orofa ya tatu na ya nne ya jengo moja mjini Kisii, juu ya duka la mbolea na kinyozi anayependa muziki. Somo letu lilikuwa Jumapili alasiri, kwa sababu siku za kazi sote tuko kazini na Jumamosi, siku ya Sabato, nusu ya darasa iko kanisani. Mimi ni Ochanda, kwetu ni Oyugis, na ninauza misumari, rangi na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Makabati ya duka nimeyapanga mwenyewe kwa ukubwa wa misumari, na ndivyo ninavyopenda mambo yaende: kila kitu kwenye kasha lake.

Somo lenyewe liliitwa Utangulizi wa Uchumi Mpana. Sisi tuliliita Makro. Kitabu chake kiliandikwa katika nchi yenye theluji, kwa hiyo mifano yake yote ilihusu kiwanda cha mashine za kuzoa theluji. Bei ya mashine ikipanda, watu hufanya nini? Wanafunzi kutoka Nyamira, Tabaka na Kenyenya walikaa wakafikiri kwa makini jinsi wangefanya kama mashine yao ya theluji ingepanda bei. Elimu ni jambo kubwa.

Aliyenifumbulia siri ya mgongo ni Nyanchera, binti wa wachongaji wa Tabaka, aliyekaa kiti cha nyuma yangu. Baba yake huchonga tembo wa mawe laini kwa ajili ya wageni, na hajawahi kumwona tembo. Kitabu kingemwita mchangiaji wa mauzo ya nje.

"We Ochanda, kwani hujui?" alininong'oneza. "Si unaona yule mathe amekaa dirishani?"

"Mwalimu Tryphosa?"

"Huyo. Ni mamake bibi ya Jethro."

"Mama mkwe wake?"

"Mama mkwe kabisa. Jamaa hawezi kugeuka, manze. Akigeuka anamwona."

Ndipo nikaelewa. Mwalimu Jethro Mogire, mwenye shahada mbili za uchumi, hakuwa na mtindo wowote wa kisasa. Alikuwa na haya. Wakisii huziita chinsoni, na si haya za mtu kujikwaa barabarani. Ni mpaka. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai wawili ndani ya chumba, na hawatazamani machoni. Siku hizi wapo wengi wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, na husema hivyo kwa ujasiri mkubwa mradi mama mkwe hayupo karibu. Kwetu upande wa ziwa mpaka huo upo pia, kwa hiyo sikucheka. Tofauti ni kwamba sijasikia kwetu mtu aliyelazimika kumfundisha mama mkwe mfumuko wa bei.

Mama Tryphosa mwenyewe alinieleza yaliyobaki, katika kibanda cha chai kilicho mbele ya chuo. Alikuwa mwanamke mnyoofu, mwenye sauti iliyozoea kufika hadi dawati la mwisho.

"Ochanda, mimi ni kaimu mwalimu mkuu kule Sironga. Unajua nimekaimu kwa muda gani?"

"Sijui, mama."

"Miaka sita. Mlango wa ofisi una kibao cha mwalimu mkuu aliyestaafu. Nikiomba kibao kibadilishwe naambiwa, 'Madam, wewe ni kaimu.' Mahojiano ya cheo ni Desemba, na wanataka digrii iliyokamilika. Masomo yote nimemaliza. Limebaki hili moja."

"Mbona hili ulilifanya la mwisho?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza mbona mvua hunyesha.

"Lilipaswa kuwa la mwaka wa kwanza. Nilifika mlangoni nikamwona nani mbele? Mkwe wangu. Nikarudi nyumbani. Mwaka wa pili nikasema atahamia chuo kingine, kijana ana akili. Hakuhama. Mwaka wa tatu nikaomba chuo kiajiri mwalimu wa pili wa Makro."

"Wakasema?"

"Wakasema wataunda kamati."

Hivyo Mama Tryphosa alikuwa na muhula mmoja tu. Akipita Makro, angeingia kwenye mahojiano ya Desemba na cheti mkononi. Akianguka, kiti alichokikalia miaka sita kingepewa mtu mwingine, na yeye angemkabidhi funguo na kumwonyesha mahali chaki zinapowekwa.

Juma la tano aliinua mkono. Mgongo, kwa sababu ni mgongo, haukuuona. Alisubiri kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Ochanda, muulize mwalimu, kama bei zinapanda na mishahara haipandi, ni nani anayenufaika?"

"Mwalimu," nikasema, "anauliza, bei zikipanda na mishahara—"

"Nimesikia," ubao ulisema. "Ochanda, mwambie aliyeuliza kwamba ni swali zuri sana, na kwamba mwenye deni hunufaika kuliko mwenye akiba."

"Mama, anasema ni swali zuri—"

"Nimesikia. Mwambie asante."

"Mwalimu, anasema—"

"Nimesikia."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na cheo. Kitabu kina kitu kinachoitwa kizidishi: shilingi moja ikipita mikononi mwa watu wengi, huzaa zaidi ya shilingi moja. Maswali ya Mama Tryphosa yalipita katika midomo mitatu, na kwa kadiri nilivyoona hayakuzaa kitu ila kiu ya maji. Hata hivyo siku moja mkuu wa idara, Bwana Obwocha, alichungulia mlangoni akaona mwalimu anaongea na ubao, mwanafunzi mmoja anasimama katikati akipokea na kupeleka, na darasa zima limetulia. Alitikisa kichwa kwa furaha. Mkutano uliofuata wa walimu, tuliambiwa, alimsifu Mwalimu Jethro kwa mbinu shirikishi inayomweka mwanafunzi kitovuni mwa ujifunzaji. Walimu wawili wa idara nyingine walijaribu kufundisha wakitazama ubao. Mmoja alijikwaa.

Mambo yangekwenda hivyo hadi mwisho, na pengine tungefaulu wote kwa haya, kama si simu. Wanafunzi wa chuo chetu walikuwa wamegundua kwamba simu inaweza kuandika insha ya kurasa kumi juu ya ukosefu wa ajira wakati mwenye simu amelala. Insha zikawa nzuri kupita kiasi. Kijana mmoja ambaye hajawahi kumaliza sentensi moja darasani aliwasilisha kazi iliyomshukuru marehemu mkewe kwa kumvumilia. Hakuwa ameoa. Chuo kikatafakari, kikatangaza dawa: alama thelathini za kila somo zitatokana na mtihani wa ana kwa ana. Mwanafunzi na mwalimu wake, chumba kimoja, mlango umefungwa, wakitazamana machoni, bila simu. Asiyepata kumi na mbili kati ya thelathini, somo limemwangusha, hata karatasi ya kuandika akiipata yote.

Tangazo lilisomwa na Mwalimu Jethro mwenyewe. Alisoma akiukabili ubao kama kawaida, lakini alipofika pale pa "mlango umefungwa" niliona koti la kahawia likikaza mabegani. Dirishani, Mama Tryphosa aliweka kalamu chini.

Siwezi kusema chuo kilikosea. Kilikuwa kimetengeneza, bila kujua na kwa gharama ndogo, chumba chenye kila kitu ambacho chinsoni hukataza, halafu kikakiita utaratibu wa ubora.

Jumatatu Mwalimu Jethro alikuja dukani kwangu. Alinunua kufuli ambalo sidhani alilihitaji.

"Ochanda, wewe huku ni mgeni," alisema akiligeuza lile kufuli. "Ningekuwa kwenu ungenishauri nini?"

"Kwetu ningekushauri usiwe mwalimu wa mama mkwe wako."

"Ushauri mzuri. Umechelewa." Akashusha sauti. "Mke wangu Bochaberi ameniambia nikimwangusha mamake nisilete miguu nyumbani. Halafu dakika hiyohiyo akaniambia nikimpitisha bure, watu watasema digrii ya mamake ni ya ukwe, na ataona aibu kanisani mpaka afe. Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema, 'Si wewe ndiye umesoma?'"

"Mama mwenyewe anataka nini?"

"Nitajuaje? Sijawahi kuongea naye."

Walikuwa wakwe kwa miaka kumi na mmoja. Ng'ombe wote wa mahari walikwisha kwenda, harusi ilifungwa, watoto watatu wamezaliwa. Hajawahi kuongea naye.

Tulipanda kumwona Bwana Obwocha sote watatu, wao wawili na mimi katikati, kwa sababu bila mimi ofisi hiyo ingekuwa kimya kama kaburi. Mama alikaa karibu na mlango akitazama kabati. Mwalimu alisimama akitazama picha ya mahafali. Mimi nilimtazama mkuu wa idara, ambaye alikuwa mtu wa Kenyenya, mwenye tai, na mwenye kuamini kwamba kila tatizo lina kifungu.

"Tatizo ni nini hasa?" aliuliza.

"Mwanafunzi ni mama mkwe wa mtahini," nikasema.

"Kanuni zinataja ndugu wa damu na mume au mke. Ni ndugu yako, Jethro?"

"Hapana, bwana."

"Ni mkeo?"

"Bwana Obwocha!"

"Basi hakuna mgongano wa maslahi. Nikianza kuhesabu wakwe, kutoka hapa mpaka Kenyenya hatabaki mtu wa kumsahihisha mwenzake. Sisi sote tumeoana."

"Na wewe, mzee," Mama Tryphosa aliliambia kabati, "ungeweza kukaa na mama mkwe wako chumbani, mlango umefungwa, umkazie macho?"

Bwana Obwocha alilegeza tai kidogo.

"Mama mkwe wangu hana haja na digrii," alisema. "Mungu alinihurumia." Akafungua kanuni, akalamba kidole, akafunua kurasa. Uso wake ulimeta. "Hapa! Mwanafunzi mwenye shida ya lugha anaruhusiwa kuwa na mkalimani. Mkalimani anaketi ndani. Kwa hiyo hawatakuwa wawili. Mko watatu. Ochanda atatafsiri."

"Kutoka lugha gani?" niliuliza.

"Mnazungumza nini hapo katikati?"

"Kiswahili."

"Basi kutoka Kiswahili."

"Kwenda?"

Alifikiri kwa dhati kabisa. "Kwenda Kiswahili," alisema, akaandika hivyo, akagonga muhuri.

Karatasi ya kuandika haikuleta taabu. Ilisahihishwa kwa namba, bila majina, na Mama Tryphosa akaipita vizuri. Ukabaki ule wa ana kwa ana.

Tulipewa chumba cha kompyuta zilizoharibika. Mwalimu Jethro alikuwa ametangulia akapanga viti: chake kikitazama ukuta, cha Mama kikitazama dirisha, changu katikati kikitazama mlango. Kama mtu angetupiga picha, angesema hawa watatu wamekosana juu ya shamba. Mama aliingia na gauni lake la kanisani. Mlango ukafungwa.

"Ochanda," ukuta ulianza, "muulize anayejibu, mfumuko wa bei ni nini."

"Mama, anauliza—"

"Ni bei kwa jumla kupanda mfululizo. Si bei ya nyanya peke yake, wala si wiki moja."

"Mwalimu, anasema—"

"Mwambie ni sawa."

Swali la pili akalijibu. La tatu akapata nusu. Sauti yake ilikuwa imara, lakini vidole vyake vilikunja na kukunjua leso. Mimi nilianza kuamini kwamba kwa msaada wa Mungu na muhuri wa Bwana Obwocha tutatoka salama. Kisha likaja swali lenye alama nyingi kuliko yote.

"Mwambie ataje namna ya kupata pato la taifa kwa njia ya matumizi, na aeleze kila sehemu."

"Nimesikia," Mama alisema. "Chukua matumizi ya watu majumbani. Jumlisha uwekezaji. Jumlisha matumizi ya serikali. Jumlisha tunavyouza nje, kama hao tembo wa Tabaka. Jumlisha tunavyonunua nje."

Chini, kinyozi alibadilisha wimbo.

"Mwambie arudie la mwisho," ukuta ulisema taratibu.

"Mama, lile la mwisho—"

"Jumlisha tunavyonunua nje. Kuna nini? Mwambie mimi nikitoka sokoni Daraja Mbili na sukari, nyumba yangu imeongezeka au imepungua?"

Mwalimu Jethro alikuna shingo. Halafu akaegemea upande wangu bila kugeuka.

"Ochanda. Tafuta namna."

"Namna ya nini, mwalimu?"

"Ya kumwambia amekosea."

"Amesema nini?" aliuliza Mama, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na masikio yake hayana kasoro.

Niliona huu ndio wakati wa ukalimani wenyewe. "Anasema, mama, jibu lako limefika hadi langoni, limebaki kupiga hodi tu."

"Hilo ni jibu gani? Nimepata au nimekosa?"

"Anasema... kuna wataalamu ambao wangelitazama kutoka upande mwingine."

"Upande upi?"

"Ule wa pili, mama."

"Ochanda, nimefundisha watoto miaka thelathini. Mtoto akikosa naweka eksi, kubwa, nyekundu, na kesho hakosi tena. Mwambie aweke eksi aniambie kwa nini."

"Mwambie," ukuta ulisema kwa haraka, "mwambie nitampa nusu ya alama, kwa juhudi, halafu tuendelee."

"Nusu ya nini?" Nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni. "Nusu ya juhudi?"

Mama Tryphosa alikuwa amesimama. Aligeuza kiti chake kutoka dirishani, akakielekeza kwenye lile koti la kahawia, akaketi tena.

"Jethro," alisema.

Hakuwahi kumwita jina. Mwalimu alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Jethro, geuka."

"Mama, siwezi," aliuambia ukuta.

"Sikiza, mtoto wa Mogire. Somo hili nimeliahirisha miaka mitatu kwa heshima yako. Heshima imenila miaka mitatu, na sasa unataka kunila mara ya nne kwa nusu alama? Nikaingie kwenye mahojiano waniulize, nirudie kosa hilihili, wanicheke? Geuka unisahihishe kama unavyosahihisha watu."

Siwezi kusema ilichukua muda gani. Aligeuka kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Kwanza aliviona viatu vya Mama. Kisha pindo la gauni. Akapumzika kwenye leso. Akapanda hadi kidevuni, akakaa hapo kama mtu anayengoja ruhusa ya mwenye nyumba, kisha akamtazama machoni. Mimi sikuwa na kazi tena, nikasoma kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka jana.

"Umekosea, mama," alisema.

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyomwambia mamake mkewe tangu amwoe binti yake.

"Nimekosea wapi?"

"Kwenye manunuzi ya nje. Yanatolewa. Hayajumlishwi."

"Na sukari yangu?"

"Sukari uliinunua. Ulipohesabu matumizi ya nyumbani uliihesabu, si kweli?"

"Niliihesabu."

"Sasa ikiwa ilitoka nchi nyingine, sisi hatukuitengeneza. Hatuhesabu vilivyo nyumbani, tunahesabu vilivyotengenezwa hapa. Imeingia kwenye matumizi kama mgeni, kwa hiyo mwishoni tunaitoa. Wewe hukuitoa, na juu ya hapo umeijumlisha tena."

Mama Tryphosa alihesabu kwa midomo.

"Kwa hiyo nimehesabu mara mbili kitu ambacho hakikupaswa kuhesabiwa hata mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Weka eksi."

Aliiweka. Nilisikia kalamu. Kisha wakaendelea, uso kwa uso, na mimi, mkalimani rasmi kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, nilikaa katikati kama kabati. Aliulizwa juu ya benki kuu na viwango vya riba, akapotea, akakiri amepotea. Aliulizwa juu ya ukosefu wa ajira, akalipata. Kwenye swali la mwisho alianza kujibu kabla halijaisha, na Mwalimu Jethro akapaza sauti.

"Hapana, mama! Sikiliza swali kwanza!"

Wote wawili walishtuka. Nadhani hata chinsoni zenyewe, popote zilipokuwa, zilishtuka.

"Nasikiliza," alisema Mama kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake. Akasikiliza. Akalipata nusu.

Jumla ilikuwa kumi na tatu.

Niliitwa ofisini kwa Bwana Obwocha kwa sababu mkalimani lazima atie sahihi. Mwalimu Jethro alikuwa amesimama mbele ya meza. Hakuwa akitazama picha ya mahafali.

"Kumi na tatu?" Bwana Obwocha aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Jethro, uko timamu? Huyu ni mama mkwe wako."

"Siku ile ulisema hakuna mgongano wa maslahi."

"Kikanuni! Sasa naongea kama binadamu. Kumi na tatu, mtu mzima, mke wa mzee wa kanisa! Watu watasema mna ugomvi nyumbani unamlipiza kwenye karatasi. Chuo kitaingia kwenye midomo. Mpe kitu cha heshima. Mpe ishirini na nne."

"Ishirini na nne ni heshima," alisema Mwalimu Jethro. "Kumi na tatu ni zake."

"Na akichukia?"

"Aliomba eksi mwenyewe. Muulize mkalimani."

Bwana Obwocha alinigeukia. Nilisema aliomba, na nikatia sahihi pembeni ya kumi na tatu. Mkuu wa idara aliitazama sahihi yangu kwa huzuni, kama mtu anayeona mbinu shirikishi ikimfia mikononi, akagonga muhuri.

Matokeo yalibandikwa ubaoni karibu na ngazi, Jumapili moja kabla ya Desemba. Nilimkuta Mama Tryphosa amesimama mbele yake, miwani imesukumwa hadi ncha ya pua, kidole kikiufuata mstari wake kutoka kushoto kwenda kulia. Nyanchera alikuwa kando yake, hana uhakika kama apige vigelegele.

"Ochanda, soma. Macho yangu yasije yakanidanganya."

"Kumi na tatu, mama. Umepita kwa alama moja."

"Moja ni alama?"

"Ni alama, mama."

"Haiwi zawadi?"

"Nilikuwepo. Si zawadi."

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akausoma mstari mara nyingine kana kwamba ulikuwa wa mtoto wa shule yake. Kisha Nyanchera akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele kimoja kilichowatoa vichwa nje watu wa duka la mbolea. Mama hakumkemea. Alikunja leso, akaitia kwenye mkoba, akanyoosha gauni.

Wakati huo Mwalimu Jethro alikuwa akishuka ngazi kutoka orofa ya nne. Alipotuona alisimama katikati ya ngazi. Kichwa chake kikageukia ukutani, chenyewe, bila kuambiwa.

"Mwambie asante," Mama Tryphosa aliniambia, akitazama ubao wa matangazo.

"Mama, si siku ile mliongea? Yule pale, mwambie mwenyewe."

"Siku ile nilikuwa mwanafunzi, akawa mwalimu. Mtihani umekwisha." Akaanza kushuka kuelekea barabarani. "Sasa ni mkwe wangu tena. Mwambie, na umwambie Bochaberi alete watoto Sironga Sabato ijayo."

Nilipanda ngazi kumi na kitu hadi alipokuwa amesimama.

"Mwalimu," nikasema, "anasema—"

"Nimesikia," aliuambia ukuta. Mabega ya lile koti yalikuwa yakitikisika, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake sikuweza kujua kama alikuwa analia au anacheka. "Mwambie nimesikia. Mwambie watakuja."